Ukumbini au ufukweni? Kumwona msanii mwenye vituko Mwanza

Kuna msanii wa aina moja ambaye redio hazimpigi na bado watu wanamfuata. Hana lebo wala meneja. Tangazo la shoo anazungusha mwenyewe kwenye magrupu ya WhatsApp, na bango lake la karatasi utalikuta limebandikwa kwenye kibanda cha wakala wa M-Pesa pale Mlango Mmoja. Jukwaani anapanda na joho alilolishona kwa magunia ya dagaa, na zeze lake amelifungia maiki ndogo kwa selotepu. Katikati ya wimbo anasimama, anaanza kusimulia jinsi jogoo wa jirani anavyomharibia usingizi, watu wanacheka, halafu bila kuaga anarudi kwenye mstari uleule alioukata. Wapo wanaomwita chizi. Mimi namhesabu miongoni mwa wanamuziki wa kweli tulionao, na ningependa kila mtu wa Mwanza amwone ana kwa ana, kwa sababu video ya simu inampunguza nusu.

Msanii wa namna hii akipata wikiendi Mwanza, aghalabu anapiga mara mbili. Ijumaa yuko ndani: ukumbi mdogo wa mjini, viti vya plastiki, watu hamsini, wakizidi sana themanini. Jumamosi yuko ufukweni: baa ya kando ya ziwa upande wa Ilemela, meza mchangani, jiko la nyama linafuka, watoto wanakimbizana. Mwenye hela na nafasi ya siku moja tu inabidi achague, na uchaguzi huo una uzito. Wapo waliomkuta ufukweni wakasema hana kitu, na wapo waliomkuta ukumbini wikiendi ileile wakatoka wanaziimba nyimbo zake hadi stendi.

Kipimo changu ni kimoja. Jiulize vituko vyake vinakaa wapi. Vikikaa mdomoni na vidoleni, nenda ukumbini. Vikikaa mwilini, kwenye mavazi, miguu na vitu anavyobeba, nenda ufukweni. Hela, mvua na usafiri vinafuata baada ya hapo.

Kanda hii inawajua wote wawili

Watu wa hapa hatukuanza jana kupenda msanii asiye wa kawaida. Usukumani ngoma za ushindani zimegawanyika tangu enzi za mababu katika makundi mawili makubwa, Bagalu na Bagika. Simulizi zinawataja waasisi wake kuwa ni Gumha na Ngika, waganga wawili walioshindana nani ana dawa kali zaidi ya kuvuta watu. Kwa desturi, makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, kila moja na upande wake, na watazamaji wako huru kuhama. Anayeshinda ni yule ambaye umati umemhamia.

Hebu fikiri kanuni hiyo inamfanyia nini manju, yaani kiongozi wa ngoma. Lazima abuni kitu ambacho mwenzake hajakiwaza. Ndiyo maana kwenye ngoma za Kisukuma kuna sanamu za mbao zenye viungo vinavyochezeshwa, kuna mavazi ya kushtua, na kuna Bayeye, wale wataalamu wa nyoka, wanaocheza na chatu mikononi. Vituko ni sehemu ya ufundi wenyewe. Anayepanda jukwaani leo na joho la magunia na taa ya kuvulia kichwani ni mjukuu wa hao, na anajua, hata kama hajawahi kuambiwa, kwamba mtazamaji anaweza kuondoka wakati wowote, kwa hiyo macho yashikwe kwanza. Ukimfungia kwenye chumba cha watu hamsini waliokaa kimya, umemnyima uwanja wake. Ufukweni, ambako watu wanapita na mahindi ya kuchoma mkononi, wanageuka, wanasogea na kubaki, ndiko kazi yake inakoonekana.

Lakini ziwa hilihili lina jadi nyingine. Kwa Wahaya wa Kagera ipo enanga, gogo lililochongwa likawa na tumbo la kina, na uzi mmoja ukapitishwa juu yake huku na huku mara kadhaa. Mpigaji anakaa chini na kuimba tendi za watawala na mashujaa, na zamani alisikilizwa kwenye nyumba za wakubwa. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipopita Tanganyika mwaka 1950 na mitambo yake ya kurekodi, enanga ilikuwa miongoni mwa ala alizozinasa. Sauti yake ni ndogo. Jirani yako akiongea unakosa mstari, na ukikosa mstari utendi umekukatikia. Msanii wa leo anayenong'ona, anayesimulia, anayelirudia neno moja mpaka uanze kulisikia upya, anatoka upande huu. Na Mwanza inajua kusikiliza maneno. Ndio mji uliomtoa Fid Q, yule wa hip hop.

Basi kabla hujalipa, tafuta video zake mbili tatu, hata zile za kutikisika zilizopigwa na mashabiki. Zima sauti utazame dakika moja. Kama bado hutaki kuondoa macho, huyo wa ufukweni. Kisha washa sauti na uweke simu kifudifudi mezani, usikilize tu. Kama hapo ndipo unapojikuta unatabasamu, nunua tiketi ya Ijumaa.

Sauti

Hapa ndipo tofauti ilipo kubwa kuliko kwingine kote, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mahali pa wazi sauti haina pa kugonga ikarudi. Kila umbali wako na spika unapokuwa mara mbili, sauti inashuka kwa desibeli 6 hivi. Aliyekaa mita 16 kutoka kwenye spika anapata pungufu ya desibeli 12 kuliko aliyekaa mita 4, na hiyo ni tofauti kubwa kwa sikio lolote. Fundi mitambo analimaliza tatizo kwa kupandisha. Akipandisha, besi na ngoma zinanoga, ila zeze linaanza kupiga mluzi, kwa kuwa maiki yake inaokota sauti inayotoka kwenye spika na kuirudisha kwenye spika hiyohiyo. Basi fundi anashusha zeze. Mwisho wake ufukweni unasikia ngoma, unasikia watu, unasikia jenereta; zeze unaliona tu.

Ukumbini kuta zinasaidia. Chumba kidogo kinajaa sauti bila kuihangaisha mitambo, na wapo wasanii wanaozima maiki kabisa kwa wimbo mmoja au miwili. Ukisikia tetesi kwamba msanii fulani hufanya hivyo, nenda Ijumaa bila kufikiria mara ya pili. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyefariki mwaka 2003, aliipeleka ilimba, ile ala ya vijiti vya chuma vinavyochezwa kwa vidole gumba, na zeze hadi kwenye majukwaa ya Ulaya, na mitambo mizuri ya huko ilimfaa. Mitambo ya aina hiyo hatuna kwenye fukwe zetu. Tulicho nacho ni vyumba vidogo, na kwa ala hizi chumba kidogo kinatosha.

Si kila chumba ni kizuri, hata hivyo. Kumbi nyingi za mjini zina sakafu ya vigae, kuta za saruji tupu na madirisha makubwa ya vioo. Sauti inagonga, inarudi, maneno yanapandana. Watu wakijaa inatulia, maana miili na nguo vinameza mwangwi: ukumbi uleule ulio mbaya ukiwa na watu ishirini unakuwa mtamu ukiwa na sabini. Usikae kwenye kona wala kuegemea ukuta wa nyuma, besi inajikusanya huko na kufunika kila kitu. Mimi hukaa theluthi ya mbele, pembeni kidogo ya katikati. Na kuna swali moja ambalo watu hawaulizi wanapokata tiketi: paa lina dari au ni bati tupu? Mvua ya Novemba ikishuka kwenye bati lisilo na dari, shoo imeisha, hata kama msanii bado anapiga.

Nikueleze kitu nilichokiona ambacho ufukwe hauwezi kukupa. Ilikuwa kwenye chumba cha ghorofani, si mbali na Barabara ya Nyerere. Msanii alikuwa katikati ya wimbo wa Kisukuma, anaimba juu ya mama anayemsubiri mwanawe aliyekwenda kuvua. Mzee mmoja wa mstari wa mbele, fimbo yake katikati ya magoti, akanyoosha mkono taratibu. Msanii akaacha kupiga.

"Mwanangu, uzi umelegea."

"Upi, babu?"

"Huo wa chini. Tangu ulipokaa."

Msanii akaugusa uzi, akainamisha sikio, akazungusha kigingi, akaugusa tena. Mzee akatikisa kichwa. Akazungusha kwa mara nyingine, kidogo kuliko mwanzo. "Eee," mzee akaitika. Hapo chumba kizima kilikuwa kinasikiliza uzi mmoja, na kila mmoja wetu alikuwa ameisikia tofauti. Msanii hakuendelea pale alipoachia. Aliuanza wimbo upya, taratibu zaidi, na yule mama wa kwenye wimbo safari hii alisubiri kweli. Alipomaliza, msanii alishuka akamshika mzee mikono miwili, "Asante sana, babu," na mzee akamwambia kwamba baba yake naye alikuwa anapiga zeze.

Watu

Ufukweni watu wamekuja na mambo yao: bethidei, mpira kwenye runinga, sato wa kukaanga, rafiki aliyetoka Dar. Muziki ni nyongeza, na kuna uzuri wake. Mtu asiyejua lolote anatekwa bila kutarajia. Mhudumu anasimama na trei mkononi, ameisahau meza aliyokuwa anaipelekea. Kwa anayeonja muziki huu kwa mara ya kwanza, au kama unakwenda na mtu ambaye huna hakika atapenda, ufukwe una unafuu: akichoka anageukia samaki wake na hakuna aliyeudhika. Ukumbini akichoka dakika ya ishirini mtateseka wawili.

Ukumbini msanii ataongea na wewe. Atakuuliza jina lako, atakuomba uitikie, pengine atakukabidhi kayamba. Kama hupendi kuonekana, mstari wa tatu na kuendelea utakuficha vizuri. Kuhusu simu, rekodi wimbo mmoja kisha iweke mfukoni. Taa ya skrini kwenye chumba chenye giza inamwingia msanii machoni na inawasumbua wote walio nyuma yako.

Halafu suala la lugha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Saida Karoli alitoka Kagera akiimba Kihaya, na nchi nzima iliitikia, wengi wao bila kujua maana ya walichokuwa wanaitikia. Kwa hiyo kutojua Kisukuma, Kikerewe au Kijita kusikuzuie. Ila kilichowafikia watu kule kilikuwa sauti na mdundo. Msanii anayeimba kwa mdundo atakufikia hata mchangani, hata ukiwa umekaa mbali. Anayesimulia kwa lugha usiyoijua unamhitaji ukumbini, ambako anaweza kusimama akakufafanulia, au jirani yako akakunong'oneza. Mwanza mtu wa kukunong'oneza hakosekani.

Ziwa lina ratiba yake

Anayechagua ufukwe amechagua na hali ya hewa. Kuanzia Juni hadi Septemba ni kiangazi, usiku ni mkavu na shoo za nje zinakwenda bila wasiwasi. Kuanzia Oktoba hadi Desemba, na tena Machi hadi Mei, mvua inaweza kukukuta mezani hata kama mchana ulikuwa mweupe. Uliza kama jukwaa lina turubai. Watazamaji wakilowa watakauka, lakini mitambo ikilowa usiku umekwisha.

Kuna na wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaopanda juu ya maji kama moshi. Wanafuata taa, na taa kali kuliko zote ni ya jukwaani. Mwimbaji anayejua ufukwe atamwomba fundi azime taa za usoni na kuacha za pembeni. Anayekuja kwa mara ya kwanza anaimba kiitikio mdomo wazi, na unajua kinachofuata.

Unyevu nao unabadilisha ala. Ngozi ya ngoma ikivuta unyevu inalegea na sauti inazama, ndiyo maana wapiga ngoma huwasha moto wa nyasi au karatasi na kuikausha ngozi kabla ya kupanda. Ukifika ufukweni mapema ukawakuta wameziinamisha ngoma kuzunguka moto, mmoja anazigonga kwa kidole na kusikiliza, usiwapite. Simama utazame. Kwangu ile nusu saa ni sehemu ya shoo, na ukumbini haipo.

Shoo ikiwa kwenye mwalo wenyewe, pale wavuvi wanapotia nanga mitumbwi, tuseme Igombe au Kayenze, angalia mwezi kabla ya kuangalia tarehe. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali taa haziwavuti vizuri, na mitumbwi mingi inapumzika. Usiku wa giza mwalo unabaki na watu wachache, wengi wako majini. Usiku wa mbalamwezi wavuvi wako nchi kavu, wamepumzika, wana hamu ya burudani, na huwezi kupata watazamaji wakali kama hao: wanajua nyimbo za kazi, wanajua nani anaimba kwa kubahatisha, na wakimkubali mtu hawamwachi ashuke.

Hela inakwenda kwa nani

Ukumbini unalipa mlangoni na hesabu yake ni nyepesi. Tuseme watu 60 wamelipa shilingi 10,000 kila mmoja: ni 600,000. Toa pango la ukumbi, mitambo, nauli na chakula cha wapigaji wenzake. Kinachobaki ni chake na anakijua usiku uleule. Watu wakiwa 25, anaweza kurudi nyumbani na deni. Kwa hiyo tiketi yako moja ukumbini ina uzito ambao ufukweni haina, na mimi kama mpenzi wa muziki huu nalihesabu hilo ninapochagua.

Ufukweni mara nyingi hakuna kiingilio. Mwenye baa wamepatana naye kiasi, halafu anakirudisha kwenye vinywaji na nyama. Msanii ana uhakika wa kitu fulani, kidogo, ila cha uhakika. Wewe unaingia bure, ila ukijumlisha sato, vinywaji, maegesho na soda za watoto, utakuta umetumia zaidi ya aliyelipa mlangoni Ijumaa. Kama familia ilikuwa itoke hata hivyo, sawa kabisa. Kama umekwenda kwa ajili ya muziki tu, ukumbi ni nafuu.

Kote kuwili tuza. Ufukweni unasogea mbele mbele ya watu wote na kumwekea noti mkononi au kumbandika kwenye paji la uso, na tendo hilo linapendwa, linaongeza joto la shoo. Ukumbini kuna kofia au kikapu mlangoni, na mara nyingi kuna mtu kakaa pembeni na laptopu anayeuza nyimbo kwenye flashi. Nunua. Nyimbo nyingi za wasanii hawa hazipo kwingine kokote.

Kurudi nyumbani

Ukumbi wa mjini unashinda hapa bila ubishi. Shoo za ndani huanza mapema na kwisha mapema, na kutoka katikati ya mji bado utapata daladala za mwisho au bajaji ya kugawana nauli kwenda Igoma, Buhongwa au Nyasaka. Ufukweni ratiba ni ya kubembeleza: bango linasema saa mbili usiku, msanii anapanda saa nne. Njia ya kutoka ufukweni hadi barabara kubwa mara nyingi ni ya vumbi na giza. Dada zangu hasa, patana na dereva wa bajaji unayemfahamu kabla hujatoka nyumbani, akufuate saa mliyokubaliana.

Wa Sengerema na Geita sasa mna uhuru ambao hamkuwa nao. Zamani saa ya kivuko ndiyo iliyoamua utaondoka wimbo wa ngapi. Tangu Daraja la JPM la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilometa 3, lilipofunguliwa Juni 2025, mwenye gari anaweza kukaa hadi mwisho kisha akaendesha kurudi.

Je, Kirumba? Je, Bujora?

Wapo watakaouliza kwa nini asipige uwanjani. CCM Kirumba unachukua watu wapatao 35,000, na mwaka 2016 Ne-Yo alitoka Marekani akapiga pale. Ule ni muziki wa kuonekana kutoka mbali. Msanii mwenye zeze na hadithi ya jogoo ukimpeleka pale atapewa dakika kumi, wimbo wa kurekodiwa, aigize kwa midomo kabla ya msanii mkubwa kupanda. Ukimwona kwenye bango la namna hiyo, mpongeze kwa malipo, kisha umsubiri mahali pengine.

Bujora ni jambo jingine. Pale Kisesa, kama kilometa 20 kutoka mjini kwa barabara ya Musoma, ndipo ilipo makumbusho ya Wasukuma iliyoanzishwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada. Kila Juni kunakuwa na Bulabo, siku ambazo ngoma zinashindana uwanjani mchana kweupe. Humwoni msanii huyu wa kujitegemea pale, au ukimwona yuko miongoni mwa watazamaji, anajifunza. Nakushauri uende, kwa sababu ukishaona umati ukihama kutoka ngoma moja kwenda nyingine utaelewa kwa nini yule wa joho la magunia anafanya anavyofanya.

Nani aende wapi

Mwenye watoto, ufukweni, na wahini saa ya moto wa ngoma. Wapenzi walio kwenye mtoko wa kwanza, ufukweni pia, kwa sababu mnahitaji kuongea, na kuongea ukumbini ni kumkosea heshima anayepiga. Mpiga gitaa, mwandishi wa mashairi, mwanafunzi wa chuo kikuu cha SAUT anayetaka kuanza bendi: ukumbini, mstari wa mbele, uangalie vidole. Mzee wako aliyekulia na zeze nyumbani, mpeleke ukumbini, umtafutie kiti chenye mgongo, na usimzuie akitaka kusema kitu.

Kama hujui lolote juu ya msanii na huna hata video ya kutazama, nitakuambia nenda ukumbini. Baa ya ufukweni itakuwepo wikiendi ijayo na ile itakayofuata. Usiku ambao watu sitini wa Mwanza wanakaa kimya kumsikiliza mtu mmoja ni wa nadra, na kumbi zinazoukubali ni chache. Ukumbi ukikosa watu miezi michache mwenye nyumba anaugeuza kuwa stoo au ofisi, na hapo hata uchaguzi wenyewe unakuwa haupo.

Na mwenye uwezo wa siku zote mbili aanze na Ijumaa. Ukishasikia maneno ndani, Jumamosi huhitaji kuyasikia yote. Mdundo ukianza unajua ni wimbo gani, unajaza mwenyewe yaliyomezwa na jenereta, na macho yako yanabaki huru kumtazama anavyocheza. Kinyume chake hakifanyi kazi vizuri hivyo. Chenji noti za elfu moja moja mchana, maana usiku mlangoni chenji haipatikani, na ya Jumamosi beba sweta. Usiku kando ya ziwa baridi inaweza kukukuta.